Mkeka wa santuri: nilivyohangaika na felti, tyubu na gasketi

Nilipokuwa Tanga sikuwahi kuufikiria mkeka wa santuri, yaani kile kipande cha duara kinacholazwa juu ya sahani inayozunguka, chini ya santuri, hata dakika moja. Mashine ya kupigia santuri niliyoachiwa na mjomba ilikuja na mkeka wa felti, kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa, mwepesi kama kofia ya mtoto, nao ulikaa juu ya sahani ya alumini miaka yote bila kunisumbua. Ugomvi ulianza nilipohamishiwa Dodoma, mwezi wa saba. Kila nilipoinua santuri, mkeka uliinuka nayo ukiwa umeng'ang'ania upande wa chini, kisha ukaachia ghafla na kuuangukia mkono wa sindano. Taarabu zangu zikaanza kutoa milio ya tak-tak, kama chumvi iliyotupwa motoni.

Sababu niliielewa baadaye: hewa ya pwani ina unyevu unaopunguza umeme tuli, ilhali kiangazi cha Dodoma ni kikavu, na felti ikigusana na vinaili, plastiki ya santuri, kila siku, umeme huo hurundikana na kuvuta vumbi lote la chumbani. Wakati huo, hata hivyo, nilikimbilia ushauri. Rafiki mmoja alinihimiza niagize mkeka wa ngozi kutoka Ulaya, ambao bei yake ingekula karibu nusu ya mshahara, akiniahidi kwamba mwimbaji atasimama mbele yangu sebuleni. Fundi wa redio naye akasema mkeka ni pambo tu, hata gazeti linatosha. Wote wawili walinipotezea muda, ila wa gazeti alinipotezea muda mfupi zaidi.

Nikajiona mjanja. Mashine nyingi za zamani zilikuja na mikeka ya mpira, na mpira ninaujua unakopatikana: kwa mziba pancha. Nilinunua tyubu kuukuu ya lori kwa elfu mbili au tatu, nikaiosha kwa sabuni mara tatu, nikaikata kwa kufuatisha sinia, kisha nikailaza chini ya vitabu kwa wiki nzima. Tyubu imezaliwa mviringo na haikubali kusahau. Nilipoiweka kwenye sahani, kingo zilinyanyuka, na santuri iliyokuwa juu yake ikapanda na kushuka huku mkono wa sindano ukiitikia kama abiria anayesinzia ndani ya basi. Chumba kilinuka gereji. Siku ya nne niligeuza santuri nikakuta doa jeusi linalong'aa upande wa chini, na doa hilo halijatoka mpaka leo.

Pamoja na aibu hiyo, tyubu ilinifundisha jambo ambalo washauri wangu hawakulitaja. Sahani yangu ikiwa tupu, ukiigonga kwa kucha inalia "ting'" kama kengele ya baiskeli. Ikiwa na felti, inalia vilevile kwa sauti ya chini kidogo. Ikiwa na mpira, inasema "du" na kunyamaza. Mlio huo ndio hurudi kwenye sindano kupitia santuri yenyewe, na ulipozimwa, besi ilitulia na zile "s" kali za mwimbaji zikaacha kuchoma masikio. Kwa hiyo nilihitaji kitu kinachozima mlio kama mpira, kisichorundika umeme kama felti, na kisichonuka.

Nilikipata kwenye duka la vipuri vya magari: karatasi ya gasketi ya kuzibia viungo vya injini, iliyotengenezwa kwa koki; sisemi koki ya bomba, bali gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Nilichukua ya milimita 2, na kwa fundi viatu nikachukua kipande cha ngozi nyembamba kama milimita 1, vyote kwa elfu kumi na kitu. Kamba ya kuchorea duara hunyumbuka, kwa hiyo nilitumia ukanda wa boksi gumu: msumari katika tundu moja, ncha ya wembe katika tundu jingine, sentimita 14 kati yake. Duara la sentimita 28 ni dogo kuliko santuri ya sentimita 30, nami nilikusudia hivyo, kwa kuwa santuri nyingi ni nene zaidi ukingoni na kwenye lebo. Kwa sababu hiyohiyo nilitoboa koki katikati kwa upana wa sentimita 10, nikaigundisha juu ya ngozi iliyobaki nzima, ili lebo izame na sehemu yenye mifereji ya sauti ilale sawasawa.

Huo ulikuwa wa pili; mkeka wa kwanza wa koki niliutengeneza kwa koki ya milimita 3 na ngozi nene ya mkanda, nikauharibu. Santuri ilipanda mno, mkono wangu hauna skrubu ya kurekebisha kimo, na sauti ikafifia kana kwamba nimefunika spika kwa blanketi. Pimeni unene wa mkeka wa zamani kabla ya kukata chochote.

Kwa majivuno nilimwita shemeji abadilishe mikeka huku nimegeukia ukutani. Felti niliitambua kila mara. Kati ya tyubu na koki, katika majaribio kumi nilipatia matano, yaani sawa na kurusha shilingi, na shemeji anawasimulia wageni mpaka leo. Tyubu sasa imewekwa chini ya mtungi wa maji jikoni.