Kiti cha bwana harusi

Lubumbashi, Jumapili jioni.

Kuna picha ambayo familia nyingi za Katuba na Ruashi wanayo ukutani. Mahari imetolewa, bibi harusi amependeza, na kwenye kiti cha bwana harusi ameketi mdogo wake, kwa sababu mwenyewe yuko Montreal. Kwa wazee wa pande zote mbili, huyu ni mke wa mtu. Kwa idara ya uhamiaji ya Kanada, inayoombwa kumruhusu amfuate mumewe, ndoa hiyo haipo.

Tangu tarehe 11 Juni 2015 kanuni zao hazikubali ndoa ambayo mmoja hakuwepo mwenyewe siku ya kuifunga, hata kama aliwakilishwa na ndugu au alifuatilia kwa simu. Barua ya chifu haiponyi. Aliye ng'ambo arudi, wasimame wote wawili mbele ya ofisa wa komini (ofisi ya serikali ya mtaa), wapewe acte de mariage, yaani cheti cha ndoa. Tiketi ni ghali na inauma, lakini dosie (faili la ombi) iliyojengwa juu ya kile kiti itaanguka tu.

Kisha majina. Sisi tuna jina, postnom (jina la pili linalofuata jina) na jina la ubatizo. Fomu za Kanada zina nafasi mbili. Postnom huangukia upande huu kwenye cheti cha mtoto, upande ule kwenye pasipoti ya baba, na ofisa anaona watu wawili. Fuateni pasipoti herufi kwa herufi katika fomu za ombi IMM 0008, IMM 5669 na IMM 5406, na namna nyingine zote jina lilivyowahi kuandikwa ziingie kwenye sehemu ya majina mengine.

Mtoto ambaye hakuandikishwa ndani ya siku 90 hupitia tribunali: jugement supplétif (hukumu inayoshika nafasi ya uandikishaji uliokosekana), certificat de non-appel (cheti kwamba hukumu haikukatiwa rufaa), ndipo komini iandike acte de naissance (cheti cha kuzaliwa). Tumeni karatasi zote tatu. Acte iliyoandikwa mwaka huu kwa kijana wa miaka 14, ikiwa peke yake, inaamsha shaka. Kipimo cha DNA kisifanywe mapema kwa hofu. Subirini ofisa akiombe, kwa maabara anazozikubali. Mzazi anayebaki huku asaini IMM 5604, fomu ya kuruhusu mtoto aende.

Umri unahesabiwa siku ombi kamili linapopokelewa: mtoto awe hajafika miaka 22 na hajaoa wala kuolewa. Neno zito hapo ni «kamili». Saini moja ikikosekana, ombi zima linarudishwa, na kijana wa miaka 21 anaweza kufikisha 22 kabla halijatumwa tena.

Linaloniumiza kuliko yote ni mtoto asiyetajwa. Mtu anahojiwa kwa ombi lake mwenyewe la kwenda Kanada, anaogopa kwamba mtoto wa nje ya ndoa ataharibu safari, au mke hajui habari zake, basi anamnyamazia. Kifungu cha 117(9)(d) cha kanuni za uhamiaji za Kanada kinasema asiyetajwa na asiyechunguzwa wakati ule hahesabiwi baadaye kuwa wa familia ya kudhaminiwa. Wahanga wa ukimya huu ni watoto ambao hawakuulizwa chochote. Baba, mama, mtajeni hata kama hasafiri, hata kama analelewa na bibi yake Likasi. Kwa aliyekwenda kama mkimbizi faida ni kubwa zaidi: mke na watoto aliowataja wanaweza kuombewa ndani ya mwaka 1 tangu apate ukaazi wa kudumu, bila mzigo wa udhamini. Mwaka huo ukipita, inabaki njia ya kawaida: IMM 1344, fomu ya udhamini, na ahadi ya kumtunza mwenzi kwa miaka 3.

Ukaazi wenyewe unaanza siku ya kuingia Kanada, si siku viza inapogongwa. Kwa hiyo mtoto akizaliwa, au harusi ikifungwa, kati ya viza na ndege, ofisi iandikiwe kabla ya kupanda, hata kama itabidi safari iahirishwe.