Unga, Wanga na Manjano: Michezo ya Milango ya Fahamu kwa Watoto wa Awali Huku Kusini

Unga wa kuchezea uliopikwa kwa vipimo vya mtandaoni, vikombe viwili vya ngano kwa kikombe kizima cha chumvi, ukiuacha wazi usiku mmoja Mtwara mjini au Lindi unaukuta asubuhi umelowa na unanata kama ulimbo. Si kosa la mpishi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya pwani yetu kuanzia Desemba mpaka Aprili imejaa unyevu. Kipimo kile kinawafaa wakaao kwenye hewa kavu.

Kwa huku, punguza chumvi. Chukua unga wa ngano vikombe viwili, chumvi nusu kikombe, maji vikombe viwili kasoro kidogo, mafuta ya kula vijiko vikubwa viwili na maji ya limau vijiko vikubwa viwili. Limau hulainisha unga na kuchelewesha ukungu. Chumvi yetu ya mashambani ina chenga kubwa, kwa hiyo iyeyushe kwanza katika maji ya moto, la sivyo mtoto atakuwa anafinyanga vijiwe. Changanya vyote kwenye sufuria, weka juu ya moto mdogo wa mkaa, songa bila kuacha kama unayesonga ugali. Baada ya dakika nne au tano donge litaachana na sufuria. Ipua, subiri lipoe kidogo, kanda lingali vuguvugu mpaka liwe nyororo.

Likinata mikononi, wengi hukimbilia kuongeza unga mkavu. Usifanye hivyo, maana kesho litapasuka. Kunata maana yake halijaiva, basi lirudishe motoni dakika moja. Likipasuka, paka mafuta viganjani ukande upya. Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, na kwa kuwa chumvi ni kidogo, usilitarajie kupita wiki. Ukiona vidoa au ukisikia harufu ya uchachu, tupa. Mtoto akilamba kidogo hakuna neno, lakini asiachwe akala donge: chumvi nyingi ni hatari kwa mwili mdogo.

Je, unga wa muhogo, ambao ndio tulio nao tele? Peke yake hauvutiki. Ngano ina gluteni inayoshikamana kama mpira, muhogo hauna, ndiyo maana donge lake hukatika vipande. Nusu kwa nusu na ngano linakubali. Ila muhogo una mchezo wake mwingine, na kwa maoni yangu ni bora kuliko donge lolote: wanga.

Tafuta muhogo mtamu. Ule mchungu una sumu ya sianidi nyingi, na watoto hawa vidole haviachani na mdomo. Menya, kwaruza, tia maji mengi, kamua kwa kitambaa safi juu ya beseni. Acha maji yatulie saa tatu au nne, utaona tope jeupe limeganda chini. Mwaga maji ya juu, tia mengine, koroga, acha tena. Rudia mara mbili, kisha anika tope juani mpaka likauke kabisa. Wanga vikombe viwili huhitaji maji kikombe kimoja, ukiyatia kidogo kidogo. Mtoto akiupiga kwa kiganja unakuwa mgumu kama sakafu. Akiutuliza mkono, mkono unazama na wanga unatiririka katikati ya vidole. Ukitiririka hata ukipigwa, maji yamezidi: ongeza wanga. Unga wa makopa, yaani muhogo mkavu, uliotwangwa hauleti matokeo hayo, kwa kuwa una nyuzinyuzi. Mkimaliza msimwage kwenye mfereji, utaziba. Acha ukauke, kwangua.

Wanga huohuo unatoa rangi ya vidole. Koroga vijiko vikubwa vinne katika maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka vikombe viwili, songa mpaka uwe uji mzito unaong'aa. Gawa kwenye vifuu. Kifuu kimoja tia manjano kijiko kidogo, kingine maji ya choya (rozela) yaliyochemshwa mazito, kingine udongo mwekundu wa juu ya uwanda wa Makonde uliochekechwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Sasa mwalimu mwenyewe adondoshee maji ya majivu kwenye manjano: yanageuka mekundu. Choya huelekea bluu au kijani, na limau huirudisha nyekundu. Acha watoto wakisie kabla ya kila tone. Manjano hayatoki nguoni, basi vua sare kwanza. Rangi hii hulala siku moja tu, ya pili inachacha.

Kwa kuchapa, bamia iliyokatwa upande hutoa ua zuri kuliko muhuri wa dukani. Usichovye bamia kwenye rangi, umbo litajaa na kupotea. Loweka kitambaa kilichokunjwa kwa rangi, mtoto abonyeze hapo kisha kwenye karatasi.

Chupa za sauti ni rahisi: chupa za maji za nusu lita, jozi jozi, choroko mbili, mchele mbili, kokoto mbili, mchanga mbili. Jaza robo tu, zikizidi hazilii. Zifunge karatasi zisionekane ndani, mtoto atafute pacha kwa sikio. Gundisha vifuniko, kwani choroko moja puani humaliza somo zima zahanati.

Hapo niseme la korosho. Msimu ukifika Oktoba, kila ua una lundo, na ni rahisi mwalimu kuokota korosho ghafi ziwe za kuhesabia. Hapana. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi na kuacha malengelenge, na mtoto atajipangusa macho. Vilevile vile vimbegu vyekundu vyenye jicho jeusi, na mbegu za mbarika: zina sumu kali. Kuhesabia tumia mbegu za ukwaju au vifuniko vya soda, kwa wasioweka vitu mdomoni tena.

Darasa la watoto sitini na mwalimu mmoja halichezi yote haya pamoja. Panga kona, watoto sita kila beseni, na kona ya maji iwe ile unayosimama wewe. Maji yasizidi kina cha vidole vinne, na ndoo imwagwe mara tu mnapomaliza, kwa sababu mtoto huzama hata kwenye maji machache. Mchanga wa bahari chekecha vipande vya chaza na chupa kabla ya kuutumia, na jioni ufunike kwa gunia au ungo mkuukuu. Paka wanaupenda kuliko watoto.