Ukakasi wa Merlot, Buruburu

Huu ni mwaka wangu wa sita Libourne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Ni eneo la mvinyo: kijiji cha Pomerol kiko nje kidogo tu ya mji, na cha Saint-Émilion hakifiki kilomita kumi. Merlot ndiyo zabibu ya mvinyo mwekundu ya huko. Huiva mapema kuliko zabibu nyingine, Cabernet Sauvignon, na huupenda udongo wa mfinyanzi kwa sababu unatunza unyevu. Jina lake huhusishwa na merle, neno la Kifaransa la ndege mmoja mweusi. Hayo yote nilikuwa nayajua. Kuionja sawasawa, hilo nimejifunzia Nairobi Januari hii, mezani kwa shangazi yangu Buruburu.

Nilimletea chupa moja ya Saint-Émilion, nimeiviringisha ndani ya sweta mbili. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye friji. Tulipoifungua ilikuwa imenuna: hainukii kitu, ukali tu ndio uliobaki. Baridi huificha harufu ya mvinyo mwekundu na kuukaza ulimini. Nyuzijoto 16 hadi 18 zinautosha kabisa. Tukaziacha glasi mezani, tukala kwanza.

Baadaye nikaizungusha yangu, nikanusa. Plamu! Tena zile za Kimende, zinazouzwa kwa ndoo kando ya barabara ya kwenda Naivasha, zilizoiva hata ganda linapasuka ukiligusa. Msimu wake ndio huu, na bakuli lilikuwa pale pale. Nikamkatia shangazi kipande, nikamwomba anuse plamu, kisha glasi. Akafumba macho, akarudia mara tatu bila kusema neno.

Kisha akanywa funda dogo, akalishikilia mdomoni.

"Ukakasi upo," akasema, "ila umelainika. Ni wa ganda la plamu hili, haujafika wa ndizi mbichi."

Nilitulia nikimtazama. Kule kinacholeta ukakasi huo wanakiita tanini, nazo hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na pipa la mwaloni huongeza zake. Miaka yote hiyo nimewaeleza wenzangu wa nyumbani kwa neno la kuazima, na kumbe letu lipo, linakaa mdomoni penyewe. Kwangu mimi, upole huo wa ukakasi ndio uzuri wa Merlot.

Shangazi akanisogezea glasi.

"Niongeze kidogo, mwanangu. Na hicho kipande cha plamu usikile, bado nakinusa."