Mizani ya Watoto Iliyonuka Sangara

Mkurugenzi wetu huwa hapigi simu kupongeza. Akipiga, ujue anaulizia masurufu ambayo hujayarejesha. Kwa hiyo asubuhi ile ya Agosti alipopiga na sauti tamu kama asali ya Tabora, viganja vilinitoka jasho kabla hatujamaliza salamu. "Umeiona ripoti ya kisiwani? Uzito pungufu umekwisha! Mwezi mmoja tu, bwana!" Akaniagiza niandae na picha mbili tatu za akina mama wanaotabasamu, wafadhili watapenda.

Nikasema sawa mkuu. Simu ilipokatika nikaitoa ile fomu kwenye faili, nikaikagua kama trafiki anavyokagua leseni.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari, si muuguzi, wala si mtu wa lishe. Kwenye mkataba wangu kumeandikwa "msaada wa kiufundi na utawala kwa mradi wa afya ya mtoto ngazi ya jamii". Maana yake nanunua betri, nakodi boti, nahesabu fomu, nafukuzana na risiti, na printa ikigoma naitwa mimi. Wataalamu wakija kutoka Dar hunipa mkono huku wakimtazama mtu mwingine. Tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii 23, karibu wote akina mama, wametawanyika Ukerewe, wilaya yenye visiwa 38 ndani ya Ziwa Victoria. Ofisi yetu iko Mwanza mjini, vyumba viwili juu ya duka la spea za pikipiki.

Sasa ile fomu. Kushoto kuna uzito. Kulia kuna kipimo cha mkono, ule utepe wa rangi tatu unaozungushwa juu ya kiwiko kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kuanzia sentimita 12.5 ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, ya tahadhari. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na hapo hakuna mjadala, mtoto anapelekwa kituoni. Upande wa uzito, watoto waliokuwa wanasuasua wamepanda kilo moja na zaidi ndani ya mwezi. Upande wa mkono, walewale, njano ileile ya Julai. Hata mimi mtu wa makaratasi nikajiuliza hiyo kilo imekwenda kukaa wapi.

Nikampigia mtaalamu wetu wa lishe. Akasema huenda ni msimu wa dagaa. Nikampigia mhudumu mwenyewe aliyeijaza fomu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umewaona wajukuu wanavyonenepa? Mungu ni mwema."

Ningebishana vipi na hilo kwenye simu? Nikaenda kukata tiketi.

Kuna watakaouliza kwa nini zama hizi bado tunatumia fomu za karatasi. Tulikuwa na vishikwambi, tena sita, kila kimoja si chini ya laki tatu. Alikuja mtaalamu mmoja wa mifumo, akatuambia karatasi ni ushamba, na mimi, kwa kuogopa kuitwa mshamba, nikasaini manunuzi. Kisiwani umeme wa kuchajia uko kwa kinyozi mwenye sola, shilingi mia tano kwa kifaa, na kinyozi akisafiri kwenda msibani mradi mzima unazimika. Kimoja kikatumbukia ziwani. Kimoja nilikikuta kina katuni arobaini na hakina mtoto hata mmoja aliyesajiliwa. Mtandao wenyewe unapatikana ukipanda mwamba nyuma ya shule, na mwamba ule mama wa miaka hamsini na kitu hawezi kuupanda kila jioni. Tukarudi kwenye daftari lenye kaboni: nakala moja inabaki zahanati, moja kwa mhudumu, na mwanafunzi mmoja wa darasa la saba anapanda mwamba na simu kunitumia picha ya ukurasa. Malipo yake vocha ya mia tano. Ripoti zinafika kabla ya tarehe 5, na yule mtaalamu akikutana nami mjini ananiuliza mfumo wake unaendeleaje. Namwambia unapumua.

Kalenda nayo ilinisumbua. Makao makuu walipanga siku za kupima ziwe Jumanne ya pili ya mwezi, sehemu zote. Mara nyingine wanakuja watoto sitini, mara nyingine kumi na mbili. Tukaitisha kikao cha uhamasishaji, tukakodi spika, tukagawa soda. Wapi! Ni mzee mmoja wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, aliyenicheka: "Kijana, wewe unaangalia kalenda ya ukutani, sisi tunaangalia ya juu." Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Kukiwa na giza, alfajiri mitumbwi inarudi imejaa, akina mama wanaanika dagaa mpaka jua kali, hakuna wa kukaa foleni na mtoto. Mbalamwezi ikijaa uvuvi unapumzika, watu wako nyumbani. Tangu siku hiyo ratiba zangu zinafuata mwezi wa angani, na kwenye mpango kazi naandika tu "tarehe kulingana na mazingira". Hakuna aliyewahi kuuliza.

Haya, safari. Meli hadi Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, bodaboda, kisha boti ya injini. Nahodha alitaka kutuondoa bila maboya kwa sababu "ni hapo tu". Nikashuka na begi langu. Hii ndiyo njia ya maji ambayo kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, Septemba 2018, nacho kilibakiza hatua chache kufika gatini. Siku hizi natembea na maboya yangu mawili, nimeyanunua kwa fedha ya mradi chini ya kifungu cha "vifaa vya ofisi". Nahodha alininunia njia nzima.

Nilikuta upimaji unaendelea chini ya mwembe. Mizani ni ile ya saa, ya kuning'iniza, mwisho kilo 25, kila mstari gramu mia. Mtoto anavalishwa suruali ya kupimia, anatundikwa kwenye ndoano, analia, anasomwa, anashushwa. (Suruali zile za asili zilichanika zamani. Fundi wangu wa Makoroboi, Mwanza mjini, anazishona kwa jinzi kuukuu, nne kwa bei ya moja ya dukani, na mishono haiachii. Mwambieni tu aache matundu ya miguu mapana.) Nikasalimia, nikasogea, na kabla sijaona kitu pua ikaona. Mizani ilikuwa inanuka samaki. Nikaishika ndoano. Pale kwenye mkunjo palikuwa na gamba moja, kubwa kama kucha ya dole gumba, limekauka na kung'aa kama kishikizo.

Nikaomba suruali itolewe, mizani ibaki tupu. Mshale ulishuka, ukatetemeka, ukalala kwenye kilo moja na gramu mia mbili. Haukurudi sifuri.

Mhudumu alinyamaza. Kisha akamwita mumewe, sauti ya yule mama ambaye ameshajua kila kitu. Mzee akaja na kofia mkononi, na maelezo yake kwa kweli yalinivunja nguvu. Wachuuzi wanaonunua samaki pale mwaloni wana mizani zao, na wavuvi wanaamini zinawapunja. Mtu mmoja akasema, mbona kuna mizani ya watoto, ile haisemi uongo. Basi jioni mama akishamaliza kazi, samaki wanapimwa kwanza kwa mizani ya kliniki, ndipo mvuvi anaenda kwa mchuuzi akiwa anajua kilo zake. Karibu wiki mbili mambo yalikwenda vizuri na bei ikapanda. Mpaka siku walipotundika sangara mmoja wa ukubwa wa mbuzi. Mshale ulizunguka ukapita 25, ukagonga mwisho, springi ikalia ng'aa. "Tulimshusha haraka sana," mzee aliniambia, kama mtu anayejitetea kwamba angalau alimwahisha mgonjwa.

Nilipanda ule mwamba nikampigia mkurugenzi. Baada ya kimya kirefu akaniambia suluhisho ni rahisi: toa kilo moja na gramu mia mbili kwa kila mtoto, sahihisha ripoti, urudi mjini. Na kusema kweli nilishawishika. Ni hesabu ya darasa la pili. Lakini kitu kikanikereketa, nikashuka hadi dukani nikanunua chupa nane za maji, zile za lita moja na nusu.

Hapa naomba mnivumilie maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Lita moja ya maji ni kilo moja, kila mtu aliyesoma anajua, ila sijamwona mtu akiitumia. Nikatia chupa mbili kwenye suruali ya jinzi, nikatundika. Zilipaswa kusoma kilo 3. Zikasoma 4.3. Watoto waliokuwa wanalia wakanyamaza kuangalia suruali yenye chupa. Chupa nne, kilo 6: mshale ukasema 7.5. Chupa sita, kilo 9: ukasema 10.9. Nane, kilo 12: ukasema 13.9 na kitu. Bibi mmoja akauliza kama haya maji nayo yana kadi ya kliniki. Nikayaandika kwenye mgongo wa fomu, nikakaa kwenye mzizi wa mwembe nikajiona profesa. Kosa lilikuwa linakua. Kwa mtoto mwepesi mizani inamwongezea kilo moja na robo, kwa mtoto mzito karibu mbili. Ukipunguza 1.2 kwa wote, bado unabaki na wanene wa uongo.

Nikapiga picha zile hesabu, nikamtumia mkurugenzi pamoja na picha ya chupa zimening'inia. Akajibu neno moja: "Endelea."

Tuliazima mizani ya zahanati, tukapima upya watoto wote wa daftari, kaya kwa kaya waliokosekana, siku mbili na nusu. Kile kilo cha ziada kikayeyuka. Wengi waliokuwa njano wakarudi palepale kwenye uzito, na wawili walisoma nyekundu kwenye utepe, hao tukawapandisha boti siku ileile na mama zao. Kwa kuwa tulikuwa tumeshazunguka nyumba zote, mhudumu akapitia na kadi, akakuta watoto kadhaa walichanjwa surua ya miezi 9 na hawakurudi kwa ile ya miezi 18. Hilo ni sifa yake, mimi nilikuwa nimebeba mizani.

Kisha ikaja vita ya masurufu. Mwenye boti hana risiti ya mashine, hajawahi kuwa nayo. Dada wa fedha hapokei kitu kisicho na risiti. Mwenzangu mmoja ofisini alinipa ushauri wa kizalendo: nunua kitabu cha risiti steshenari, andika mwenyewe, badilisha kalamu. Wapo waliopoteza kazi kwa kubadilisha kalamu. Mimi natumia hati yangu ya ukurasa mmoja: jina la nahodha, namba ya simu, kutoka wapi hadi wapi, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, dole gumba, picha ya ubavu wa boti ikionyesha namba yake, halafu mhuri wa mtendaji wa kijiji. Mara ya kwanza ilikataliwa kwa sababu mhuri ulionekana kama doa la chai. Pedi ya mtendaji ilikuwa imekauka tangu enzi hizo. Sasa kwenye begi nina kichupa cha wino wa mhuri, wa zambarau, kama elfu tatu hivi. Nikifika ofisini kwa mtendaji, nasalimia, naweka matone mawili kwenye pedi, tunaongea habari za mvua, pedi inakunywa. Watendaji wa vijiji vitatu wananipenda kuliko mkuu wangu anavyonipenda.

Mizani mpya ilipofika niliipeleka mwenyewe, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli. Ufunguo mhudumu ameufunga kwenye pindo la khanga. Kila asubuhi ya kupima anaanza na chupa mbili za maji, na kama mshale hausemi 3 hapimi mtu.

Lakini niliposhuka pwani kurudi, yule mzee alinifuata taratibu. "Mwanangu, sisi sasa tutapimia nini?" Nikamwambia mzee, mradi huu ni wa watoto. Akaitikia, akatazama maji. Wiki iliyofuata nilipita Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nikanunua mizani ya samaki ya kilo 50, nikaisafirisha na meli. Dada wa fedha aliishika ile hati kwa ncha za vidole akauliza, "Mizani ya samaki, mradi wa watoto, kaka angu, hii niiweke kifungu gani?" Nikaichukua nikaichana. Elfu sitini na ushee, zimetoka mfukoni mwangu, na mke wangu mpaka leo anajua zilikuwa za maboya.