Bawa la Langley mezani: wiki ya tatu

Gundi imeshika na bawa la kwanza limesimama. Kwa aliyechelewa: najenga bawa moja kati ya manne ya Aerodrome, ndege ya Samuel Langley, mkuu wa Smithsonian, taasisi ya sayansi na makumbusho ya Marekani, kwa kipimo cha moja kwa kumi. Fito za mwanzi, karatasi ya kishada, mshipi wa kuvulia samaki badala ya waya.

Ndege yenyewe ilitumbukia mto Potomac mara mbili, 7 Oktoba na 8 Desemba 1903. Siku tisa baadaye ndugu wawili, Orville na Wilbur Wright, wakaruka na ndege yao. Mwaka 1914 Glenn Curtiss, mtengenezaji wa ndege, aliifufua ile ya Langley kule Hammondsport, New York, ikaruka kama mita 45 juu ya ziwa, na Smithsonian ikadai kwamba chombo cha Langley ndicho cha kwanza kilichoweza kuruka na mtu. Orville Wright alisusa, akaipeleka ndege yake London mwaka 1928. Smithsonian ilikuja kukiri kosa mwaka 1942.

Hoja ya Orville ilikuwa kwamba kilichoruka 1914 sicho kilichoanguka 1903. Katika orodha yake ndefu ya mabadiliko nimechagua moja: nguzo zinazoshika waya za mabawa, ambazo Curtiss alizisogeza nyuma.

Jumamosi niligeuza bawa tumbo juu, nikalitwisha mchanga mahali pa nguvu ya upepo. Ndege na rubani wake walikuwa kama kilo 340. Nikagawa kwa elfu (kumi mara kumi mara kumi), kisha kwa mabawa manne: gramu 85. Bawa halikutikisika. Nilishajipongeza kabla sijakumbuka kwamba uzito hupungua kwa mara elfu, lakini eneo la mkato wa fito, linalobeba mzigo, hupungua kwa mara mia tu. Mzigo wa haki ni gramu 850. Saa nzima imekwenda na maji.

Nikapima upya kwa mizani ya jikoni. Nguzo ikiwa mbele, kama 1903, mshipi ulikaza ukingo wa mbele tu. Ukingo wa nyuma ukaanza kuning'inia polepole, mbavu zikalia, na rula ikasoma milimita 19 kwenye ncha. Niliposogeza nguzo nyuma, chini ya mchanga wenyewe, ikasoma 4.

Hapo ndipo ubaya ulipo. Bawa lenye umbo la upinde likijisokota pua chini, nguvu ya upepo huhamia nyuma zaidi, nayo huzidi kulisokota. Mchanga wangu hauhami, kwa hiyo hizo 19 ni huruma.

Watu wa Langley walilaumu mtambo wa kurushia uliokuwa juu ya mashua, kwamba ulinasa. Meza yangu haiwezi kuwakatalia hilo, na mwanzi si mbao ya Langley. Lakini kuita mashine hizi mbili kitu kimoja, mimi sikubali tena.

Wiki ijayo nasogeza mchanga nyuma, gramu hamsini hamsini, mpaka kitu kivunjike.