Nilivyoamua kwenda kufundisha Kiingereza Thailand

Kila aliyenishauri alianza na mshahara. Nenda Korea, kule mwalimu anapewa nyumba na tiketi ya ndege. Nenda Uchina, wanalipa vizuri kuliko wote. Nenda Omani, wewe ni mtu wa Mombasa, hutakuwa mgeni. Walisema kwa nia njema, lakini hakuna hata mmoja aliyetaka kujua sheria za nchi hizo zinasemaje kuhusu mwalimu mwenye pasipoti ya Kenya. Ningewafuata, ningekuwa nimeshapoteza pesa nyingi.

Chukua Korea Kusini. Viza ya mwalimu wa lugha kule inaitwa E-2, na kwa somo la Kiingereza wanaangalia raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Uwe umesomea ualimu wa Kiingereza na fasihi, uwe na nambari ya TSC, tume ya walimu ya Kenya, uwe umefundisha kidato cha nne miaka na mikaka, bado haimo. Jambo hili halijafichwa, ni la kusoma tu. Na bado kuna wakala mmoja Nairobi alitaka nimpe kama shilingi elfu sitini za "kufungua faili ya Korea". Nikamwambia anitajie Mkenya mmoja tu aliyempeleka kufundisha kwa viza ya E-2. Akasema habari za wateja ni siri. Nikamuaga nikaondoka. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba wapo walimu wenzangu waliouza vitu vya nyumbani kumlipa mtu kama yule.

Uchina nilifika mbali. Shule moja ya chekechea ilinihoji kwa video, ikanihoji tena, kisha ikaniomba somo la mfano. Nililiandaa kwa moyo wote. Nilikata maembe, ndizi na nanasi za kadibodi, nikaweka kapu mezani, nikafundisha majina ya matunda kwa wimbo niliotunga mwenyewe. Msichana aliyekuwa upande wa pili akawa anaimba na mimi. Wakaafiki mshahara, wakanitumia picha za chumba nitakacholala. Kisha wakaomba ukurasa wa pasipoti. Kimya. Baada ya muda ukaja ujumbe: njoo kwa viza ya biashara, tutaibadilisha ukishafika, na mzazi akikuuliza mwambie unatoka Afrika Kusini.

Nilikataa siku hiyo hiyo. Kazi halali Uchina inaanza na viza ya Z na kibali cha kazi, na kwa walimu wa Kiingereza kanuni zao zinataka mtu kutoka nchi ambazo Kiingereza ndiyo lugha ya kuzaliwa. Anayeingia kwa viza ya biashara akashika chaki anaweza kuzuiliwa na kurudishwa kwao, na shule iliyomwita itasema haimjui. Isitoshe, mimi ni Mkenya. Siwezi kusimama mbele ya watoto kila asubuhi nikiwa nimeikana nchi yangu ili nilipwe.

Baada ya hapo nikabuni swali, na hili ndilo ninalojivunia kuliko yote. Kila shule iliyonijibu, kabla ya kuongea habari ya pesa, niliiandikia hivi: mwalimu wa mwisho mliyemwajiri kutoka Afrika, kibali chake cha kazi kilitoka lini, na je, naweza kuzungumza naye? Basi. Nyingi hazikujibu tena. Nyingine zilijibu kwa maneno matamu yasiyo na jina wala tarehe, nazo nikazifuta. Shule moja ya mkoa wa Udon Thani, kaskazini mashariki mwa Thailand, ilinipa namba ya mwalimu kutoka Kameruni. Tulizungumza usiku kucha. Akanionyesha kitabu chake cha kibali, muhuri kwa muhuri, na akaniambia ukweli ambao wakala hawezi kukwambia: utalipwa chini ya Mwingereza mnayefundisha darasa moja.

Omani sikuiacha kwa dharau. Mjomba yuko Maskati, Kiswahili kinazungumzwa nyumba nyingi kule, na chakula ni chetu. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenizuia: "Mwanangu, hawa wenye shule wanakuandika karani kwenye mkataba. Ukigombana nao, ualimu wako hauna karatasi." Rwanda nayo niliiweka akiba. Tangu mwaka 2014 Mkenya anaweza kuingia kwa kitambulisho tu, na shule zao zilihamia Kiingereza kuanzia mwaka 2009. Kwa mwenye familia changa ningemwambia aanzie huko. Mimi nilitaka kuweka akiba ya kiwanja.

Thailand, kwa ufupi, hainifungii mlango kwa sababu ya pasipoti. Inataka shahada, cheti cha tabia njema, na kwa sisi tusiotoka nchi ambazo Kiingereza ndiyo lugha ya kuzaliwa, ushahidi wa lugha: mtihani wa Kiingereza wa TOEIC kuanzia alama 600, au ule wa IELTS. Nilifanya IELTS, ikanila shilingi elfu thelathini na ushei. Inaudhi kulipia kuthibitisha lugha uliyofanyia karibu mitihani yote tangu utotoni, lakini lipa, usibishane. Viza ya kazi inaitwa Non-B, unaombea ubalozi wao Nairobi kabla hujapanda ndege. Ukifika, shule inakuombea kibali cha kazi, na pia ruhusa ya muda ya kufundisha kutoka baraza lao la walimu, Khurusapha. Kila baada ya siku 90 unaripoti uhamiaji kwa fomu ya TM47. Usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wanaiulizia kwa mtu anayetoka Kenya.

Napata baht elfu ishirini na tano hivi, kodi ya chumba ni kama elfu nne, wali na kuku wa kuchoma barabarani ni bei ya kula kila siku bila kufikiria. Kiwanja nimeshakilipia nusu.

Anayetaka kuja ajue mwaka wao wa shule unaanza katikati ya Mei na muhula wa pili ni karibu na Novemba, kwa hiyo barua za maombi zianze kutoka Februari au mapema zaidi. Makaratasi ya Nairobi hayana haraka. Video ya somo la mfano itume pamoja na barua, na pasipoti ya Kenya itaje kwenye mstari wa kwanza kabisa, ili asiyetaka Mkenya akae kimya mapema.