Nilivyolinda siri za washiriki wa utafiti nikiwa sebuleni kwao

Kliniki ina mlango unaofungwa. Nyumbani kwa mshiriki, wewe ndiye mgeni, na mgeni hamwambii mwenye nyumba atupishe. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko yote nilipokuwa mhoji kwenye utafiti wa afya ya wanawake. Dodoso letu liliuliza kuhusu vipigo, huku mpigaji pengine yuko chumba cha pili.

Fomu ya ridhaa huahidi usiri, lakini siri huanza kuvuja nje: gari lenye nembo, fulana ya mradi, majirani wanaochungulia. Basi nilivaa nguo zangu za kawaida, gari likabaki mbali. Mshiriki ndiye aliyepanga saa na mahali. Kwa watu wa nyumbani tulijitambulisha kuwa tunafanya utafiti wa afya ya familia, jambo ambalo ni kweli, ingawa si kweli yote. Tulibishana sana kuhusu hilo kazini. Mimi niliona usalama wa mwanamke unatangulia.

Kilichoniokoa ni dodoso la pili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 kuhusu utafiti wa ukatili majumbani unashauri mhoji awe na maswali mepesi ya kukimbilia mtu akitokea. Nilikuwa namwambia mshiriki mapema, “Dada, mtu akiingia nitauliza habari za chanjo za watoto. Wewe nijibu tu, akitoka tutaendelea.” Mwongozo huohuo unataka ahojiwe mwanamke mmoja tu katika kaya, ili wengine wasiyajue maswali.

Kuna mama mkwe aliyevuta kiti akaniambia, “Mwanangu, hapa hatufichani.” Nikamwitikia, “Haya mama, karibu,” tukazungumza chanjo mpaka mwisho. Aliijua kadi ya kliniki ya kila mjukuu! Kurasa za vipigo zilibaki tupu, na msimamizi wangu hakulalamika. Data pungufu inavumilika.

Washiriki walioniomba tiba walikuwa rahisi zaidi kuwajibu, kwa sababu utaratibu wa rufaa ulikuwa umeandikwa. Nikiitwa daktari nilikanusha palepale, kisha nikaelekeza waende wapi. Orodha ya huduma tuliichapisha kwenye kikaratasi kidogo, msaada kwa waliopigwa ukiwa katikati ya huduma nyingine za afya, ili kikionekana kisizue maswali.

Uamuzi mgumu ulihusu kutoa taarifa kwa mamlaka kuhusu tuliyoyasikia. Mtu mzima akisema hataki msaada, tuliheshimu neno lake. Mtoto akiwa hatarini, hatukuweza kunyamaza, na hilo nililisema kabla mshiriki hajasaini, si baada ya kufunguka. Wapo waliolisikia wakaamua kutoendelea. Niliwaachia kikaratasi kama wengine, nikaaga.